Kope la Mbuzi na Kope la Mtoto
Mazungumzo na kaya za wafugaji siku ya kuogesha mifugo

Ng'ombe wameogeshwa vizuri na foleni imekwenda bila fujo. Kabla hamjatawanyika naomba dakika chache hapa kivulini. Leo sizungumzii kupe wala chanjo. Nazungumzia chakula cha nyumbani kwenu, lakini nitaanzia zizini, kwa sababu huko ninyi ndio walimu wangu.

Mbuzi akidhoofika na kubaki nyuma ya kundi, mfugaji hufanya nini? Humshika, humfunua kope la chini na kutazama rangi ya ndani. Likiwa jekundu, damu ipo. Likiwa jeupe, mnajua minyoo imemnyonya, na hamsubiri wiki ijayo kumtafutia dawa.

Sasa niulize, na asiye na jibu asione haya: nani kati yetu amemfunua kope mtoto wake mwezi huu?

Miaka ya nyuma niliitwa kwenye boma moja kukagua mbuzi wakati wa kiangazi. Tulikaa nao karibu saa mbili, mmoja baada ya mwingine. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni, mtoto mkimya, analala tu. Nilipofunga mkoba wangu, yule mama akaniambia kwa utani, "Na huyu je, humtazami?" Nikamfunua kope. Lilikuwa jeupe kuliko la mbuzi yeyote niliyemshika siku ile. Niliona aibu. Wakaenda zahanati siku hiyohiyo, mtoto akapimwa, akatibiwa, akapona. Lakini baba yake aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mtoto huyu anakunywa maziwa kama ndama. Damu imekwenda wapi?"

Mazungumzo ya leo ni jibu la swali hilo.

MAZIWA YANA MENGI, LAKINI HAYANA YOTE

Maziwa ni chakula bora. Yanajenga mifupa, meno na misuli. Simwambii mfugaji ayaache. Lakini damu hujengwa kwa madini ya chuma, na maziwa yana chuma kidogo mno. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haifikishi hata miligramu 1 ya chuma. Mtoto wa miaka 2 anahitaji karibu miligramu 7 kwa siku, na mama mjamzito karibu miligramu 27. Hapo mnaona wenyewe: mtoto anaweza kushiba maziwa na bado akapungukiwa damu. Vitamini C nayo, ile inayolinda fizi na kusaidia vidonda kufunga, ni haba katika maziwa.

Wazee watasema, "Mbona sisi tulikulia maziwa?" Ni kweli, lakini hamkukulia maziwa peke yake. Mlikula nyama, mlikunywa damu ya ng'ombe, mlichemsha supu kwa magome na mizizi, na mlipokwenda machungani mlichuma matunda ya porini. Leo damu imeachwa katika nyumba nyingi, na nyama ni ya siku maalumu. Kilichoingia badala yake ni ugali, sukari na majani ya chai. Tumbo linashiba, pengo linabaki. Na kiangazi maziwa yenyewe yakipungua, pengo linakuwa shimo.

"KWANI MIMI NI MBUZI?"

Nikitaja mboga za majani, hakosekani mzee wa kuniuliza, "Mwanangu, kwani mimi ni mbuzi?" Mzee wangu, hapana. Lakini mbuzi anayekula majani hakupi kila kilichomo ndani yake. Maziwa yake nayo yana chuma kidogo. Baadhi ya vitu inabidi uvifuate kwenye majani mwenyewe.

Na majani hayo hayako mbali. Tazameni boma lililohamwa baada ya mvua: mnafu, mchicha na mgagani huota vyenyewe juu ya samadi. Kuna majani ya kunde, ya maboga na ya mlonge. Yana chuma, na yana kile kinachogeuka mwilini kuwa vitamini A, vitamini ya macho. Mtoto anayejikwaa jioni huku wenzake wakiona njia, huenda amepungukiwa hiyo. Apelekwe kituo cha afya.

Mapishi yana siri mbili. Kwanza, tia samli au mafuta kidogo, kwa sababu mwili hauchukui vitamini A vizuri bila mafuta. Samli tunayo, hatuinunui. Pili, usichemshe mboga mpaka zipoteze rangi ukamwaga maji yake. Unamwaga na faida. Zioshwe kwanza, kisha zikatwe na kupikwa kwa muda mfupi. Kwa mnafu, chuma majani laini na uache matunda mabichi ya kijani, kwa maana yana sumu.

Mvua ikiwa nyingi na mboga zikazidi, fanyeni kama Wagogo wa Dodoma: kausheni akiba. Chovya majani kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, yachuje, yaanike kivulini penye upepo. Jua kali huua vitamini A. Akiba hiyo itakula kiangazi pamoja nanyi.

TUNDA HUFUNGUA MLANGO

Chuma kilicho kwenye majani na maharage huingia mwilini kwa shida. Kinahitaji wa kukifungulia mlango, naye ni vitamini C. Kamua limau juu ya mboga iliyokwisha kuiva. Mpe mtoto kipande cha papai, embe, chungwa au pera pamoja na chakula. Msidharau pera kwa kuwa ni rahisi. Lina vitamini C zaidi kuliko chungwa. Nyama nayo hufungua mlango huohuo. Hata vipande vichache vikipikwa na mboga, faida ya mboga huongezeka. Basi siku ya nyama, sahani ya mama na ya mtoto zisibaki na mchuzi mtupu.

Ubuyu, ambao watoto wanaumumunya kama pipi, ni hazina. Unga wake, kwa uzito uleule, una vitamini C nyingi kuliko chungwa, tena haunyauki na hauozi upesi. Kijiko cha unga wa ubuyu kwenye uji wa mtoto kinatosha kuwa tunda la siku. Utiwe uji ukishapoa kiasi cha kunyweka, kwa sababu moto mkali huharibu vitamini C. Ule uliotiwa rangi na sukari nyingi uachwe dukani.

Na kuna anayefunga mlango: chai. Majani ya chai hukamata chuma na kukizuia kuingia mwilini. Chai ya maziwa pamoja na mboga ni sawa na kufungua zizi upande mmoja na kubomoa ua upande wa pili. Sisemi muache chai. Kunyweni, lakini saa moja au zaidi baada ya chakula chenye mboga. Mtoto mdogo hana haja nayo kabisa.

VIUNGO VINA KAZI YAKE NA MPAKA WAKE

Tangawizi, kitunguu saumu, manjano, iliki na mdalasini vinapendwa, na ni haki yake. Tangawizi kidogo humpunguzia kichefuchefu mama mwenye mimba changa. Kitunguu na kitunguu saumu huipa mboga ladha ikaliwa bila chumvi nyingi. Iliki na mdalasini huifanya chai inyweke kwa sukari pungufu, jambo la maana kwa wazee wenye presha na kisukari.

Lakini hapa nisikilizeni vizuri. Kiungo ni chakula, si daktari. Kitunguu saumu hakitibu malaria. Tangawizi haitibu kifua kikuu. Mtu akikohoa wiki 2 au zaidi, aende kupimwa makohozi. Homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo inaweza kuwa ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa mifugo yetu wenyewe, nao hautoki kwa manjano. Kinga yake huanza kwa kuchemsha maziwa na kutoshika mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Asali pia ina mpaka: asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Na mtoto aliye chini ya miezi 6 hana haja ya tunda, uji wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha.

MBOGA ZITATOKA WAPI?

Kina mama mtasema, "Maji ya kunywa tunayafuata mbali, bustani tutaimwagilia nini?" Ni swali la haki. Anza na gunia moja. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, iliyokaa miezi kadhaa. Samadi mbichi huunguza mche na hubeba vijidudu. Katikati simamisha nguzo ya mawe madogo, maji yapenye hadi chini. Toboa matundu pembeni, panda mchicha au sukuma wiki. Maji uliyooshea mboga na mchele yanamwagwa hapo. Zungushia miiba, maana mbuzi wetu hawajui bustani ni nini.

Na onyo moja ninalolitoa nikiwa mtu wa mifugo. Mnaona mchicha ule ulionawiri pale maji ya josho yanapomwagikia? Usichumwe. Maji yale yana dawa ya kupe. Wala chombo cha dawa kisioshwe kikawa ndoo ya kumwagilia au dumu la maziwa.

Kina baba, sasa niwageukie, kwa sababu pesa ya mbuzi iko mifukoni mwenu. Siku ya mnada tunarudi na unga, sukari na majani ya chai. Sukari inapungua kidogo tu, na nafasi inapatikana ya nyanya, vitunguu, malimau na papai moja. Ukinunua dawa ya minyoo ya mbuzi hubishani bei. Basi usibishane na mama wa mtoto akiomba pesa ya matunda. Akiwa mjamzito, muulize kama anahudhuria kliniki na kama anameza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa huko. Mboga hazichukui nafasi ya vidonge hivyo, vinakwenda pamoja.

Nimalizie nilipoanzia. Leo jioni, kabla taa haijazimwa, mwite mtoto karibu. Mfunue kope la chini taratibu, kwa mikono iliyonawiwa, tazama rangi. Tazama na viganja vyake. Ukiona weupe, usiishie kwenye mboga wala usikisie: minyoo, malaria na njaa ya chuma vyote huleta weupe, na anayetofautisha ni mpimaji wa zahanati. Mpeleke kesho asubuhi. Ukiona wekundu mzuri, shukuru, kisha kesho mtilie majani kwenye sahani na kamua limau juu yake, wekundu ule ubaki.

Siku ya kuogesha ijayo sitauliza tu ng'ombe wangapi wameoga. Nitauliza magunia mangapi yameota mchicha.