Msaada wa Nje Upitie Mkutano wa Kijiji

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa katika kata ya Malambo, wilaya ya Ngorongoro, mbele ya wajumbe wa halmashauri za vijiji, malaigwanani, akina mama na vijana. Mada aliyopewa msemaji ilikuwa: Mashirika ya kimataifa yanawezaje kusaidia utawala wa kidemokrasia katika nchi zinazoendelea?

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa halmashauri za vijiji, waheshimiwa malaigwanani, akina mama na ndugu vijana,

Mada niliyopewa imezoea kuzungumzwa katika kumbi za New York na Geneva, na wanaoizungumza huko mara nyingi ni watu ambao hawajapata kuhudhuria mkutano wa kijiji hata mara moja. Nafurahi kwamba leo inazungumzwa Malambo. Demokrasia haina makao makuu ng'ambo. Makao yake ni pale ambapo watu hukutana na kuamua juu ya maji yao, malisho yao, shule yao na mapato yao, kisha wakawauliza viongozi wao wameyatekelezaje waliyotumwa.

Kwa hiyo nitasema jambo moja tu, na nitajitahidi kulithibitisha. Shirika la kimataifa huisaidia demokrasia pale linapoupa nguvu mkutano mkuu wa kijiji. Pale linapoupita pembeni huidhoofisha demokrasia hiyo, hata kama nia yake ni njema na fedha zake ni nyingi.

Yafaa tukumbushane mkutano huo ni kitu gani. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila ya kibali cha mkutano huo. Wafugaji mlikuwa na mabaraza yenu tangu zamani, ambamo wazee waliketi chini ya mti wakasemezana mpaka wakakubaliana. Sheria haikuuvunja utaratibu huo wa kusemezana. Iliuongezea jambo moja kubwa, nalo ni kwamba mama na kijana nao wana sauti na kura sawa na ya laigwanani.

Ndugu wananchi, mkoa wetu huu wa Arusha una historia ndefu ya kushughulika na mashirika ya kimataifa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Wameru hawakungoja mfadhili. Walichangishana fedha, wakamtuma ndugu yao Kirilo Japhet kwenda New York, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza dhuluma waliyotendewa. Wakili wao alikuwa Earle Seaton.

Matokeo yake yalikuwa nini? Katika Baraza Kuu azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao lilikosa theluthi mbili za kura zilizohitajiwa. Kwa kipimo cha karatasi, walishindwa. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini akawaeleza wananchi aliyoyaona, na kesi ya Wameru ikawa somo la siasa kwa Tanganyika nzima. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa. Mwaka huohuo ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi ulikadiria kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala baada ya miaka 20 hadi 25. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda kusema katika baraza lilelile. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ilikuwa huru. Miaka 25 ya wataalamu iligeuka kuwa saba.

Funzo hapa lina pande mbili, na tusichukue upande mmoja tukauacha mwingine. Umoja wa Mataifa ulitupa jukwaa, na hilo lilikuwa jambo la maana sana, kwani mkoloni hakuwa tayari kutupa lolote. Lakini nguvu ya kulitumia jukwaa hilo ilitoka kwa watu waliokwisha kukutana, wakachangishana na kumchagua msemaji wao. Kirilo alisema kwa niaba ya watu waliomtuma, na alirudi kuwapa taarifa. Asingetumwa na watu, angekuwa mgeni wa New York tu.

Sasa tuutazame mfano wa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1970, kwa muda wa miaka kumi, shirika la misaada la serikali ya Marekani, USAID, liliendesha mradi mkubwa wa mifugo na malisho huku Umasaini. Yalichimbwa malambo na visima, yakajengwa majosho, wakaletwa wataalamu na magari. Wafugaji walipangwa katika vyama vya ranchi chini ya sheria ya mwaka 1964. Lakini katikati ya mradi, tangu mwaka 1974, ilipita Operesheni Imparnati ya kuanzisha vijiji, na mwaka 1975 ikaja sheria ya vijiji. Basi mahali pamoja pakawa na mamlaka mbili: chama cha ranchi ambacho mradi ulikitambua, na kijiji ambacho serikali ilikitambua. Lambo likivunjika kingo, ni la nani? Josho likikosa dawa, nani anaitisha mchango? Mradi ulipokwisha mwaka 1980, kazi nyingi zilizojengwa kwa gharama kubwa zilizorota na kuharibika.

Jina la kata hii, kwa kila msemaji wa Kiswahili, linaleta sura ya maji yaliyokingwa yasipotee. Nanyi mnajua kuliko mimi kwamba lambo halidumu kwa sababu ya ukubwa wa trekta lililolichimba. Linadumu kama wapo watu waliokubaliana ni nani anywesheshe lini, ng'ombe wasiingie upande gani, na tope lizolewe na nani baada ya mvua. Makubaliano hayo ndiyo utawala. Mfadhili anaweza kuleta trekta, lakini makubaliano hawezi kuyaleta. Na mfadhili naye ana wakubwa wake. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake na kulifunga shirika hilohilo la USAID. Uamuzi uliofanywa Washington ulisimamisha kazi katika nchi nyingi za Afrika, wala hakuna mwananchi wa nchi hizo aliyeulizwa.

Kiini cha tatizo, ndugu Mwenyekiti, ni swali hili: taarifa inapelekwa kwa nani? Mradi mwingi wa nje huandika taarifa kila robo mwaka kwa lugha ya kigeni na kuituma kwa aliyetoa fedha. Mwanakijiji ambaye jina lake limo katika taarifa hiyo haioni. Matokeo yake, kiongozi wa kijiji hujifunza kumridhisha mgeni mwenye gari kuliko kumjibu mama aliyempigia kura. Mazoea hayo hayawezi kuitwa msaada kwa demokrasia, hata kama semina zake zinaitwa hivyo.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba yote yaliyotoka nje yalikuwa hivyo. Katika wilaya ya Kiteto, vijiji vitatu vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikuwa vikitumia malisho na maji kwa pamoja, lakini mipaka ya vijiji ilikuwa ikiwatenganisha katika karatasi. Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, pamoja na washirika wengine, ulisaidia gharama za upimaji, ramani na vikao, ukishirikiana na serikali. Lakini uamuzi ulifanywa na mikutano mikuu ya vijiji vyenyewe. Vikaunganisha eneo la malisho, vikalipa jina la Olengapa, linalotokana na majina ya vijiji vyote vitatu, na vikaunda chama cha wafugaji cha kulisimamia. Wataalamu walipoondoka kilichobaki ni mpango uliopitishwa, ramani iliyosajiliwa na hati mkononi. Vitu hivyo mwananchi anaweza kuvionyesha mbele ya ofisa yeyote na mbele ya mahakama yoyote.

Mfano mwingine ni TASAF, iliyoanza mwaka 2000 kwa fedha nyingi za Benki ya Dunia. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini, majina ya kaya huletwa mbele ya mkutano wa kijiji yajadiliwe. Malalamiko yapo, nasi sote tumeyasikia, kwamba fulani ameachwa na fulani ameingizwa. Lakini tutafakari: mtu anaweza kulalamika kwa sababu jina limesomwa hadharani. Orodha inayoandikwa ofisini na kufungiwa sandukuni haileti malalamiko mkutanini. Huleta manung'uniko ya chini kwa chini, ambayo ni mabaya zaidi.

Nije sasa kwenye wilaya yetu. Mwaka 1979 Ngorongoro iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ilipasa kupita miaka 36, hadi mwaka 2015, ndipo mwongozo wa orodha hiyo ulipotamka kwamba jamii za wenyeji zishirikishwe na ridhaa yao ya hiari itafutwe kabla ya mahali pao kupendekezwa. Heshima ya dunia ilitangulia, sauti ya mkazi ikafuata nyuma.

Nasi wenyewe hatukosi la kujifunza. Agosti 2024 lilitoka tangazo la serikali lililofuta katika orodha kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ya Ngorongoro, wakati uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umekaribia. Wananchi walijitokeza kwa maelfu barabarani. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu ya Arusha ilisimamisha tangazo hilo, na serikali ikatamka kwamba uchaguzi utafanyika. Angalieni ni nini kilichotetewa pale. Kijiji kikifutwa, mkutano mkuu wake umefutwa. Na mkutano ukifutwa, mkazi anabaki na shida zake, lakini hana tena mahali pa kuamua wala pa kumwuliza kiongozi. Na angalieni pia kwamba aliyelisimamisha tangazo lile alikuwa mwananchi wa hapa, katika mahakama ya hapa, kwa sheria ya nchi hii.

Kutokana na hayo, ningependa mashirika ya kimataifa yatakiwe mambo manne.

Kwanza, kila mradi utakaogusa ardhi au maji ya kijiji ufikishwe katika mkutano mkuu kabla ya mkataba kutiwa sahihi, na mkutano uwe na uwezo wa kweli wa kukataa. Ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa si ridhaa.

Pili, taarifa ya fedha inayopelekwa kwa mfadhili isomwe pia kijijini, kwa Kiswahili, na ifafanuliwe kwa Kimasai au Kitemi pale inapohitajika, kisha ibandikwe ukutani.

Tatu, msaada ulenge kuacha vitu vitakavyobaki mikononi mwa wananchi: mipaka iliyopimwa, mpango wa matumizi ya ardhi, hati, kumbukumbu za mikutano zilizohifadhiwa, na vijana waliofundishwa kuweka hesabu.

Nne, milango ya malalamiko ijulikane. Benki ya Dunia ina Jopo la Ukaguzi tangu mwaka 1993. Mwaka 2023 malalamiko ya wananchi wanaoishi jirani na Hifadhi ya Ruaha yalilifikia jopo hilo kuhusu mradi uliogharimiwa na benki, na Aprili 2024 benki ikasimamisha utoaji wa fedha. Mlango kama huo hauna faida kwa mtu asiyejua kwamba upo.

Lakini wajibu si wa wageni peke yao. Tukiwa wakweli, iko mikutano mikuu mingi inayopita miezi sita bila ya kuitishwa, wakati inatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Iko halmashauri isiyosoma mapato na matumizi. Wako akina mama wanaohudhuria na kuketi nyuma, wasiulizwe neno mpaka kikao kimefungwa. Shirika la nje linaloukuta mkutano umelala litapata kisingizio cha kuupita, na hatutakuwa na hoja ya kulizuia.

Ndugu wananchi, Wameru wa mwaka 1951 hawakuwa na kura, wala hawakuwa na sheria ya kijiji. Walikuwa na mkutano na mchango. Ninyi mnavyo vyote vile walivyovikosa. Basi mkutano mkuu ujao uitishwe kwa wakati wake. Asimame mtu, na ikiwezekana awe mama, aulize: katika miradi yote iliyoingia katika kijiji chetu, ni upi tulioupitisha sisi, fedha yake ni kiasi gani, na kumbukumbu za kikao hicho ziko wapi? Mwenyekiti ajibu mbele ya watu. Na mgeni wa shirika akiwapo, akaribishwe kiti, akae asikilize.