Skolashipu ya Nje na Hesabu ya Chuo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 wa Kenya walipanda ndege moja kwenda New York. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimewapa nafasi za masomo, na nauli yao ililipwa kwa michango ya Wamarekani wengi. Basi si jambo geni mwanafunzi wa Afrika Mashariki kusomeshwa na mifuko miwili: mfuko wa chuo na mfuko wa wafadhili wa nje. Lisilojulikana na wengi ni kwamba mifuko hiyo hutazamana. Kinachoingia katika huu huweza kupunguza kinachotoka katika ule.

Yafaa kwanza hesabu yenyewe ifahamike. Chuo hukadiria gharama za mwaka mzima, yaani ada, malazi, chakula, vitabu na mengineyo. Kisha hukadiria kiasi wawezacho kutoa jamaa wa mwanafunzi. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo huitwa haja, na chuo huitimiza haja hiyo, yote au sehemu yake, kwa ruzuku isiyorudishwa, kwa mkopo, na kwa mshahara wa kazi ndogo ndogo chuoni.

Mathalan, gharama ni dola 60,000, na jamaa wanaweza kutoa dola 4,000. Haja ni dola 56,000. Chuo humpa kijana ruzuku ya dola 50,000, mkopo wa dola 3,000 na kazi ya dola 3,000. Kisha jumuiya ya Waislamu nyumbani hukusanya dola 5,000, shilingi kwa shilingi, ikampelekea. Je, fedha hizo zitamfaa nani?

Jawabu hutegemea kanuni za chuo. Chuo cha namna ya kwanza huondoa mkopo wote, kikapunguza kazi hadi dola 1,000, na ruzuku hubaki vile vile. Hapo kijana amefaidi kila senti. Chuo cha namna ya pili hupunguza ruzuku yake hadi dola 45,000. Mkopo ukabaki, na kazi ikabaki. Hapo jumuiya imekisaidia chuo, naye kijana hakuongezewa kitu. Na kwa Mwislamu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mikopo ya masomo huko aghalabu huwa na riba.

Isidhaniwe kuwa vyuo vya namna ya pili vimedhulumu. Hoja yao ni kwamba ruzuku hutolewa kwa kadiri ya haja, na haja ikipungua, fedha zilizobaki humfaa mwanafunzi mwingine. Kadhalika serikali ya Marekani ina fedha zake za kuwasaidia raia na baadhi ya wageni, wakiwamo wakimbizi waliopokewa huko, kama jamaa wengi waliotoka Kongo. Kwa fedha hizo zitolewazo kwa kutazama haja, sheria hairuhusu jumla ya misaada izidi haja. Mwanafunzi aendaye kwa viza ya masomo hana fungu katika fedha za serikali hiyo. Yeye hutegemea kanuni za chuo chenyewe.

Hata hivyo, wapo Wamarekani walioona kasoro. Jimbo la Maryland lilitunga sheria mwaka 2017 kuvizuia vyuo vyake vya umma visipunguze ruzuku ovyo kwa sababu ya skolashipu ya nje, na California ikafuata mwaka 2022.

Basi mzazi na mwanafunzi wafanye nini? Kwanza, wasiifiche skolashipu. Kuificha ni khiyana, na chuo kikigundua huweza kudai kirudishiwe fedha. Pili, kabla ya kukubali nafasi, wakiandikie chuo waulize mambo matatu: fedha za nje hupunguza nini kwanza, mkopo au ruzuku? Kama msaada wa chuo haukutimiza haja yote, je, fedha hizo zitaziba pengo kwanza? Na skolashipu ya mwaka mmoja ikikoma, je, ruzuku iliyopunguzwa itarudishwa? Jawabu walitake kwa maandishi. Tatu, kama ipo gharama ya kweli ambayo chuo hakikuihesabu, kama bima ya afya au kompyuta, wakiombe chuo kiiingize; gharama ikikubaliwa, haja huongezeka, na nafasi ya skolashipu hupatikana.

Jumuiya nazo zina wajibu wao. Barua ya skolashipu ieleze wazi kusudi la fedha: kupunguza mkopo na kazi. Ikiwa kanuni za chuo haziruhusu, ni afadhali kukubaliana na chuo kwamba mchango huo uwe wa nauli, au ugawanywe katika miaka minne, kuliko kuutoa wote mara moja ukamezwa na hesabu.

Mchango wa jumuiya ni amana. Umetoka kwa mchuuzi wa sokoni, kwa mkulima na kwa mjane, nao waliutoa ili mtoto apunguziwe mzigo. Barua moja iliyoandikwa mapema yaweza kuilinda amana hiyo. Ikichelewa hadi hesabu ifungwe, majuto hayatamlipia kijana mkopo wake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam Alaykum.