Taharuki na Mtoto: Kufundisha Kupanga Kisa Kabla ya Kukiandika



Katika elimu ya lugha twampa mtoto mengi, hati njema, tahajia, ngeli, methali na adabu za barua, lakini ustadi wa kumtia msomaji shauku ya kujua kitakachofuata aghalabu twamwachia aupate kwa bahati. Twamwamuru aandike kisa cha kusisimua, kisha twamwacha peke yake na daftari tupu. Naye, kwa kuwa hakuonyeshwa njia, huanza na asubuhi yenye jua na ndege waimbao, kama alivyohifadhi, hujaza msitu simba, majoka na majambazi kwa mkupuo mmoja, na akishakwama huamka kitandani akatangaza kwamba yote yalikuwa ndoto. Taksiri hiyo ni yetu tuliomfundisha. Rai yangu leo ni kwamba taharuki huzaliwa na mpango wa kutoa habari, yaani msomaji ajulishwe nini sasa na angojeshwe nini. Na mpango huo mtoto wa miaka 8 au 9 aweza kufundishwa akauelewa barabara.

Ushahidi umo katika hazina yetu wenyewe. Chukueni ngano ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, ndani ya kisa cha punda wa dobi. Kima yu juu ya mkuyu, humrushia papa matunda, na urafiki wao hukua mpaka papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Hakuna joka wala upanga hapa. Ila papa hasemi neno mpaka wafike kati ya bahari, mahali ambapo kima hawezi kushuka wala kurudi; ndipo amwambiapo kuwa sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Habari hiyo hiyo ingalitolewa chini ya mti, kima angalipanda tawini na kisa kingalikwisha; kuicheleweshea habari mahali pake ndiyo taharuki ya namna ya kwanza. Kisha kima ajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, papa amrudisha, kima apanda, papa amngoja chini akimwita, na kima anyamaza kimya. Msikilizaji ameshajua kwamba kima amesalimika, lakini papa hajajua, na tofauti hiyo ya maarifa baina ya wawili ni taharuki ya namna ya pili.

Namna ya tatu twaipata kwa Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952. Humo Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, amwona Adili, liwali mwema anayesifiwa na wote, akiwapiga manyani wawili usiku. Na sababu yake, kwamba manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa, yafunuliwa baadaye. Tendo limetangulizwa, sababu imecheleweshwa, na msomaji hawezi kukifunga kitabu kwa kuwa mwenendo wa usiku haupatani na sifa za mchana. Mwandishi asingaliweza kulificha hilo kama hakulijua tangu mwanzo.

Basi somo lenyewe liendeshwe vipi? Lianze kwa masikio. Mwalimu aitambe ngano, na papa afikapo kati ya bahari anyamaze, awaulize watoto kima afanye nini, na majibu yao yote ayaandike ubaoni bila kumkaripia yeyote, kisha awaulize swali zito zaidi: kwa nini papa hakusema mapema? Mtoto akishalijibu hilo kwa maneno yake mwenyewe, ameupata ufunguo.

Baada ya hapo kila mtoto na akunje karatasi mara mbili, aikunjue, apate vyumba vinne. Cha kwanza ni cha mtu, mahali na haja yake. Cha pili ni cha dalili. Cha tatu ni cha hatari inapokaribia kabisa. Cha nne ni cha hatima. Sharti ni moja tu: chumba cha nne kijazwe kwanza. Tuseme mtoto amekusudia kuandika habari za msichana aliyetumwa mafuta ya taa dukani wakati wa magharibi, akarudi akisikia hatua nyuma yake. Hatima aiandike kwanza: ni mbuzi wa jirani. Sasa akijirudia nyuma ataona kwamba chumba cha pili chahitaji kamba iliyokatika, imelala karibu na kigingi, ambayo msichana aipita bila kuitilia maanani. Msomaji akifika mwisho ataikumbuka kamba, ataridhika kwamba hakudanganywa, na mwandishi mdogo ataonja fahari ya kazi iliyotimia.

Chumba cha tatu kinataka saburi ya pekee, maana hapo ndipo watoto wakimbiliapo "ghafla" na "niliogopa sana". Wafundishwe kuchelewa. Msichana asimame, na hatua zile zisimame. Mafuta ya taa yatikisike katika chupa. Mbwa wa mbali abweke kisha anyamaze. Mtoto aulizwe msichana alisikia nini, alinusa nini, mkono wake ulishika nini, na woga usitajwe hata mara moja.

Wapo wasemao kwamba mpango huua ubunifu, na kwamba watambaji wetu hawakukunja karatasi. Ni kweli hawakukunja, lakini mtambaji aliposema "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", hatima alikuwa nayo kifuani, naye kwa kuijua aliweza kurefusha, kufupisha na kuongeza wimbo kwa kadiri nyuso zilivyomwonyesha. Wengine wahofia kuwatia watoto kicho. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kuwazuia wasitegemee damu na mizimu: kikombe kilichovunjika na mama anayekaribia mlangoni ni taharuki ya kutosha kwa darasa zima.

Faida ya kazi hii yapita mtihani wa insha. Mtoto anayepima nini msomaji anajua na nini hajui anajizoeza kujitia katika nafsi ya mwenziwe, na hilo ni tunda la adili kabla ya kuwa tunda la fasihi. Nalo halina gharama kubwa: lataka ngano, ubao na karatasi, vitu ambavyo hata shule yenye watoto wengi na vitabu vichache yaweza kuvipata.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, nawaomba msiwape tena watoto kichwa cha insha mkaondoka. Kaeni nao kabla hawajaandika neno la kwanza, na kila mmoja mwulizeni kisa chake kinaishia wapi.