Kompyuta Nazo Zipewe Mgao

Msikilizaji, leo naanza kwa kukiri kosa.

Katika chumba chetu cha habari tuna kompyuta 40. Fundi wetu, kijana mpole, alikuwa amezitegesha zote zipeleke nakala za kazi zetu kwenye kompyuta kuu saa sita kamili usiku, ili mashine ikifa, kazi isife nayo. Nia njema kabisa. Lakini saa sita ndipo taarifa ya mwisho inapoingia hewani! Mashine 40 zikaamka kwa pamoja, zikausonga mtandao, na msomaji habari akabaki kuukodolea macho ukurasa usiofunguka. Kesho yake tukamjia juu fundi. Mimi, niliyemzidi umri, nilipaza sauti kuliko wote: "Zima manakala yako hayo!" Akazima.

Miezi minne baadaye diski ya kompyuta yangu ikafa. Ndani yake yalikuwamo mahojiano na mzee mmoja, kuli wa zamani wa bandarini, saa tatu nzima za kumbukumbu zake. Mzee mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nakala haikuwapo.

Ndipo nilipokaa na yule kijana, akanifundisha hesabu ambayo ningeiuliza kabla ya kufoka. Mtandao wetu ni wa megabiti 100 kwa sekunde. Megabiti si megabaiti, msikilizaji. Gawanya kwa nane, unapata megabaiti 12 na nusu, tena mambo yakienda vizuri. Kompyuta 40, kila moja ina gigabaiti 20, jumla 800. Kuzisafirisha ni kazi ya karibu saa 18! Usiku gani huo?

Dawa yake ni mgao, na sisi watu wa mjini nani asiyeujua mgao? Sasa kila usiku mashine nane tu hunakiliwa zote nzima, kwa muda usiofika saa nne. Zile 32 hutuma yale tu yaliyobadilika tangu jana, na hayo huwa machache. Baada ya siku tano kila moja imepata zamu yake. Wala hazianzi pamoja. Zinakwenda mbili mbili, kuanzia saa saba, taarifa ikiwa imekwisha.

Ugomvi umebaki kwa wanaozima kompyuta wakienda nyumbani. (Wapo wanaozima hata friji ya ofisi.) Iliyozimwa hukosa zamu, ikabidi inakiliwe mchana, kwa kasi iliyobanwa ili wengine wafanye kazi.

Kila Ijumaa fundi huchukua faili moja kutoka kwenye nakala na kulifungua, kwani nakala isiyofunguka si nakala. Fundi, kama unanisikiliza, niwie radhi. Na ile familia ya yule mzee, niliyoiahidi sauti yake: sinayo.