MKANDA WA INJINI UNAPOLIA
Hotuba kwa madereva na waendesha mashine, Buyangu, Kakamega



Nimeombwa niseme machache juu ya kelele ya mkanda wa injini, kwa kuwa wengi wetu hapa ni madereva wa barabara ya Kakamega na Webuye, na wengine huendesha mashine za kusaga mahindi. Mimi ni mtu wa reli, lakini mkanda ni mkanda. Hata mabehewa ya zamani ya abiria yalipata taa kwa dinamo iliyozungushwa na mkanda kutoka ekseli.

Kwanza tujue kazi yake. Mkanda huchukua nguvu kutoka puli ya chini ya injini, ukazungusha altaneta inayotia betri moto, na katika magari mengi pampu ya maji pia. Ukikatika njiani, betri hailishwi, maji hayazunguki, injini huchemka, na silinda hedi yaweza kupinda. Hapo mwenye gari hamwulizi mkanda, humwuliza dereva. Kwa hiyo kelele hii si ya kuzoea.

Sikilizeni vizuri, maana sauti ni tatu. Sauti ndefu na kali, hasa unapowasha gari au kukanyaga mafuta, mara nyingi ni mkanda unaoteleza: umelegea, umezeeka hata unang'aa, au umeingiwa na oili. Sauti fupi fupi kama ya kifaranga, mara nyingi ni puli ambazo hazikukaa katika mstari mmoja. Sauti ya kukwaruza au kunguruma ni ya beringi. Hapa kwetu karibu na msitu mvua ni nyingi, na mkanda waweza kulia kidogo asubuhi kwa sababu ya unyevu. Ukinyamaza upesi, hapana neno. Ukilia kila siku, tafuta sababu.

Jaribuni kwa maji. Injini ikienda polepole, simama kando, mkono ukiwa mbali, unyunyize maji kidogo kwa chupa upande wa ndani wa mkanda. Kelele ikizidi, mkanda unateleza. Ikinyamaza kidogo kisha ikarudi, tazama mstari wa puli. Isipobadilika hata kidogo, shuku beringi.

Kisha zima injini na utie ufunguo mfukoni. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Mkanda mwembamba wa zamani ukiingia kadiri ya nusu inchi, kwa magari mengi ni sawa, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Magari mengi ya siku hizi yana mkanda mpana wenye mifereji, nao hukazwa na puli yenye springi. Springi ikichoka, hubadilishwa. Mwisho toa mkanda, uzungushe kila puli kwa mkono. Ile inayokwaruza au kuchezacheza ndiyo mgonjwa.

Yako mambo matatu ya kukataa. Usipake mkanda sabuni wala grisi. Utanyamaza leo, lakini utateleza zaidi na mpira utaharibika. Usikaze kupita kiasi, maana utaua beringi za altaneta na za pampu. Wala usifunge mkanda mpya juu ya puli mbovu, kwani baada ya siku chache utalia kama ule wa kwanza, na fedha zimekwenda.

Sasa neno kubwa kuliko yote. Usipeleke mkono, kitambaa wala shati linaloning'inia karibu na mkanda unaozunguka. Hata injini ikiwa imezimwa, feni ya umeme yaweza kuanza yenyewe kama injini ni moto. Na ninyi wa mashine za kusaga, mkanda wenu mara nyingi uko wazi kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu za hatari zinazozunguka ziwekewe kinga. Kama mashine yako haina, mwambie mwenye mashine, na asiposikia, ulete habari katika chama. Usingoje mtu aumie ndipo tuitane mkutano.

Mkanda huuzwa dukani, ndugu zangu. Kidole hakiuzwi.

Mwenye swali na aulize.