Kompyuta Iliyokufa Tusikimbilie Kuitupa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika za Ruaha, Kilosa na Mikumi)



Wachungaji, wazee wa kanisa, wanakamati na wafadhili wetu wapendwa,

Hapa jirani, Kidatu, kuna mitambo ya kuzalisha megawati 204 za umeme. Hata hivyo umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, kompyuta ya usharika inaweza kuungua. Kamati huandika barua ya kuomba nyingine, na ile iliyokufa hufungiwa kabatini pamoja na hesabu za mradi na majina ya watoto tunaowasomesha.

Kabla ya barua hiyo, nawaomba tufanye haya.

Kwanza, pimeni chaja kwa mita. Nyingi hutoa volti 19 hivi; someni lebo mlinganishe. Pili, toeni betri, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha jaribuni kwa chaja peke yake. Betri iliyovimba isitobolewe wala isichajiwe. Tatu, angalieni tundu la chaja kama limelegea.

Hayo yote yakiwa mazima, tatizo huenda liko kwenye mazabodi. Wengi hukata tamaa hapa, kumbe kilichokufa chaweza kuwa kapasita moja ndogo kuliko punje ya mchele. Ikipiga shoti, bodi nzima hukosa umeme. Fundi huondoa chaja na betri, kisha hupima ukinzani kati ya njia ya umeme wa chaja na upande wa hasi. Mita ikisoma karibu na sifuri, shoti ipo. Hupitisha volti 1 tu na kupaka spiriti; inapokauka upesi ndipo penye joto, na mara nyingi mbovu ndiyo hiyo. Huitoa, hupima tena, huweka nyingine ya kipimo kilekile na yenye uwezo wa volti usiopungua, hata kutoka bodi chakavu.

Chuma hafifu cha kulehemu hakifai. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa hivi, bodi nyingi zina lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, badala ya 183 za zamani. Kijana asiyefundishwa atang'oa njia za shaba.

Si kila bodi itapona. Lakini diski inayotoka kwa bisibisi itolewe kwanza, kumbukumbu zinakiliwe. Kompyuta isiende kwa fundi wala jalalani ikiwa na siri za wajane na yatima wetu.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kurejelezwa ipasavyo. Tusiongeze rundo hilo.

Kwa hiyo naomba kila usharika uorodheshe kompyuta zilizokufa. Wafadhili wetu, kabla ya kutununulia mpya, tusaidieni mita, mashine ya hewa ya moto na mafunzo kwa vijana wachache.

Baada ya watu elfu tano kushiba, Bwana wetu aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe (Yohana 6:12). Nasi tukusanye vyetu.