Vijana wa Durla na vijana wetu

(Mada niliyoitoa kwenye darasa la itikadi la Jumamosi. Wengi mmeiomba kwa maandishi, nimeiweka karibu kama nilivyoisema.)

Katibu kanipa dakika kumi niongelee vijana katika dola inayoporomoka. Najua mlitegemea Roma. Mimi nimekuja na riwaya za anga za juu, mtanivumilia.

Kati ya 1994 na 1998 kulikuwa na tamthilia ya televisheni ya Marekani, Babylon 5. Ilipokwisha, Peter David akaandika riwaya tatu kwa kufuata muhtasari wa mtunzi wake, J. Michael Straczynski. Zilitoka 1999 na 2000, na kwa pamoja zinaitwa Legions of Fire. Zinahusu sayari ya Centauri Prime, makao makuu ya dola inayojiita jamhuri lakini ina maliki. Msicheke.

Wacentauri walitawala sayari nyingi, kisha zikaanza kuwaponyoka. Balozi wao, Londo Mollari, anataka enzi irudi. Anapokea msaada bila kuuliza vizuri unatoka kwa nani. Anaupata kweli: sayari ya Wanarn inapondwa kwa vimondo mpaka inasalimu amri. Baadaye zamu inageuka, mji mkuu wake mwenyewe unapigwa mabomu, naye anavishwa taji akiwa amebandikwa kiumbe cha Wadrakh mwilini. Hakionekani, na kinamchunga muda wote. Ila maliki akinywa sana, kile kiumbe kinalewa kabla yake na kusinzia. Yaani mkuu wa nchi ana uhuru wa kusema kweli akiwa chakari tu! Sijakutana na picha ya serikali iliyotekwa inayonikaa kichwani kama hii.

Hapo sasa ndipo riwaya zinapoanza. Nchi ni magofu, muungano wa sayari nyingine unadai fidia ya vita, watu wana aibu na hasira. Na hasira yao ina msingi, tusiwaonee. Durla, aliyekuwa askari wa ikulu na sasa ni waziri wa usalama wa ndani, anajua thamani ya hasira hiyo. Mtu wake, Lione, anaanzisha kikundi cha vijana kinachoitwa Prime Candidates. Wanapewa sare na heshima, wanapewa na adui wa nje wa kumlaumu. Kijana aliyekuwa hana mbele wala nyuma ghafla anaogopwa mtaani. Wakati huo mabwana halisi wamo ikulu, na hakuna anayeuliza. Hata Durla hajui. Mipango anayojivunia kuwa ni akili yake Wadrakh wanampandikizia usingizini.

Upande wa pili yupo Vir Cotto, mnene, mwenye kubabaika, ambaye wakubwa walimcheka miaka yote. Kwenye tamthilia aliwahi kuokoa Wanarn zaidi ya 2,000 kwa kughushi karatasi zionyeshe kwamba wamekufa. Kwenye riwaya anajenga upinzani polepole, mtu mmoja mmoja. (Ubaya wa Peter David ni kwamba wale wachawi wake wa teknolojia wanaokoa jahazi mara nyingi mno. Sisi hatunao.)

Sasa nije nyumbani. Uchaguzi wa ndani unakaribia, na kuna mambo tunayaona. Vijana wa ulinzi wanasimama mlangoni wanaamua nani aingie kikaoni. Picha za skrini za magrupu yetu ya WhatsApp zinapelekwa juu: huyu kasema hivi, yule msaliti. Mtu anaondolewa kwenye grupu usiku, asubuhi hakuna anayempokelea simu.

Mtaniambia sisi tunawindwa kweli, na mamluki wapo. Nakubali, wapo. Lakini hata Wacentauri walipigwa mabomu kweli. Durla hakuhitaji kutunga adui. Alihitaji vijana ambao, kwa sababu adui yupo, hawaulizi tena anayewatuma ni nani na anataka nini.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili, naomba katibu ayaingize kwenye muhtasari. Kwanza, kijana wa ulinzi aishie getini. Chumba cha kuhesabia kura wabaki mawakala wa wagombea na msimamizi, basi. Pili, anayetuhumiwa usaliti apewe tuhuma kwa maandishi, ajibu mbele ya kikao, ndipo aguswe. Tume ya uchaguzi tunaidai mawakala wetu wasitolewe vituoni. Sioni tutaidai kwa uso gani kama wagombea wetu wenyewe tunawatoa.

Najua waliokaa safu ya nyuma na kombati zao wamenuna. Kamanda, wewe ndiye niliyetaka unisikie kuliko wote, na wewe ndiye utakayeanza kuuliza swali. Kitabu ninacho, ni cha kwanza tu na ni cha Kiingereza. Anayekitaka anione, ila kirudi.